Kishada na Benchi: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kuigiza Taashira za Mapenzi ya Baba na Ubaguzi

Mara nyingi nimesahihisha insha za wanafunzi wa fasihi hapa Mtwara ambamo swali la taashira, yaani vitu vinavyobeba maana kubwa kuliko vyenyewe, hujibiwa kwa mstari mmoja: kishada kinawakilisha mapenzi ya baba, benchi linawakilisha ubaguzi. Jibu hilo si la uongo, lakini linafanana na kumwambia mtu kwamba chumvi ni nyeupe wakati ameuliza kwa nini mchuzi haujakolea. Tamthiliya ninayoizungumzia ni "Master Harold"... and the Boys ya Athol Fugard wa Afrika Kusini, na nimeandika mwongozo huu kwa watu wa aina mbili: anayeisoma darasani na anayetaka kuiongoza jukwaani. Nitawachanganya makusudi, kwa sababu msomaji asiyeiona tamthiliya jukwaani akilini mwake hawezi kuzifikia taashira zake, na mwongozaji asiyeisoma neno kwa neno huishia kuipamba tu.

Kwanza maelezo machache ya lazima. Fugard alizaliwa mwaka 1932 na kufariki Machi 2025. Tamthiliya hii ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 nchini Marekani, katika ukumbi wa Yale Repertory Theatre mjini New Haven, kisha ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka huohuo, ambako Zakes Mokae alipata tuzo ya Tony kwa kuigiza nafasi ya Sam. Nyumbani Afrika Kusini ilipigwa marufuku mwanzoni, na ikaoneshwa Johannesburg mwaka 1983. Hadithi inatokea alasiri moja ya mvua mwaka 1950, katika mgahawa wa chai mjini Port Elizabeth, mji ambao leo unaitwa Gqeberha. Wahusika wanaoonekana ni watatu tu: Hally, kijana wa Kizungu mwenye miaka 17, ambaye mama yake ndiye mwenye mgahawa, pamoja na Sam na Willie, wahudumu Waafrika wenye umri wa kama miaka 45.

Hatua ya kwanza: andika orodha ya vitu visivyoonekana

Kabla ya kuchambua chochote, chukua daftari, soma tamthiliya yote mara moja bila kusimama, kisha uorodheshe vitu vyenye uzito ambavyo mtazamaji hatavishika kwa macho hata mara moja. Utapata vitatu vikubwa. Baba yake Hally haonekani. Tunamjua kupitia simu, na kwa sehemu kubwa ni mama anayepiga. Kishada hakionekani, kinasimuliwa. Benchi nalo halionekani. Linatajwa tu ndani ya masimulizi ya kishada.

Orodha hiyo fupi ndiyo ufunguo wa kazi nzima. Mapenzi ya baba na ubaguzi, mambo mawili ambayo mwanafunzi ameulizwa, yote yamewekwa nje ya jukwaa, na kilichobaki mbele ya watazamaji ni watu watatu wanaojaribu kuishi chini ya vitu hivyo. Nimewahi kuona kikundi kikining'iniza kishada chekundu juu ya jukwaa tangu pazia lilipofunguliwa, na benchi la mbao likiwekwa kando na bango lake. Watazamaji walielewa kila kitu katika dakika ya kwanza, na kwa sababu hiyo hawakupata chochote cha kugundua katika dakika ya tisini.

Hatua ya pili: fuata uzi mpaka ulikofungwa

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie nusu ya muda wake wote.

Kishada kinasimuliwa mara mbili. Masimulizi ya kwanza ni ya Hally, na yanakuja wakati yeye na Sam wangali wanacheka. Anakumbuka siku alipokuwa mtoto mdogo, jinsi Sam alivyomtengenezea kishada kwa mbao za kasha la nyanya, karatasi ya kaki, gundi ya unga na maji, na mkia wa soksi ndefu kuukuu za mama yake. Uzi ulikuwa wa vipande vipande vilivyoungwa. Anakumbuka pia aibu aliyokuwa nayo walipokuwa wakipanda kilimani: watu wakiona mtoto wa Kizungu aliyevaa kaptura akirusha kishada na Mwafrika wa umri wa baba yake, watasemaje? Kishada kikapaa. Wakaufunga uzi kwenye benchi ili mtoto aketi akitazame, naye Sam akaondoka. Anapokumbushwa, Sam anajibu tu kwamba alikuwa na kazi. Hally alitamani abaki.

Weka alama hapo kwa kalamu, kisha usiendelee kufafanua. Usimwambie msomaji wako wala mwigizaji wako sababu ya Sam kuondoka.

Masimulizi ya pili ni ya Sam, na yanakuja karibu na mwisho, baada ya Hally kumtemea mate usoni. Sam anataja kwanza usiku ambao baba yake Hally, mlemavu wa mguu na mlevi, alilala sakafuni kwenye baa ya hoteli akiwa amejichafua. Mtoto ilibidi aingie kuomba ruhusa ili Mwafrika aruhusiwe kuingia kumchukua baba yake. Sam akambeba yule baba mgongoni, mtoto akifuata nyuma na magongo, mji mzima ukitazama. Siku zilizofuata mtoto alitembea ameinamisha kichwa. Sam aliona kwamba mtu aliyepasa kumfundisha mtoto huyu kuwa mwanaume ndiye aliyekuwa chanzo cha aibu yake, akatengeneza kishada ili mtoto apate kitu cha kumfanya atazame juu. Na kuhusu kuondoka kwake, anaeleza sasa kwamba hakuweza kuketi. Benchi lile lilikuwa la Wazungu pekee.

Hivyo uzi wa kishada ulifungwa kwenye benchi. Ni uzi mmoja, wenye mapenzi upande wa juu na ubaguzi upande wa chini, na mmoja wa mikono iliyofunga fundo ni wa mtu yuleyule aliyependa na aliyebaguliwa. Mwanafunzi akiandika taashira hizi katika aya mbili tofauti, amekata uzi. Mwandikie pembeni ya insha yake swali moja: nani walifunga, na walifunga wapi? Kijana mmoja katika mazoezi yetu ya Mikindani, tukiwa tumekaa chini ya mwembe, alisoma ukurasa ule wa pili kwa sauti, akanyamaza, akarudi kurasa nyingi nyuma kutafuta masimulizi ya kwanza, kisha akasema polepole, "Kumbe hakuwa na kazi yoyote." Ni ugunduzi huo ninaoutaka kwa kila mtazamaji, na unapatikana tu ikiwa hukumpokonya mapema.

Hatua ya tatu: hesabu baba, kisha uwatafutie majina ya kwetu

Andika majina mawili juu ya ukurasa, la baba mzazi na la Sam, na chini ya kila jina uandike vitendo vyake, bila sifa wala hukumu. Upande mmoja utaona ulevi, malalamiko na mzaha wa kibaguzi anaofurahia kumsimulia mwanawe. Upande wa pili utaona masomo yaliyosomwa pamoja, kishada, na mgongo uliobeba.

Wasomaji wa mahali pengine hupata shida kidogo kukubali kwamba mhudumu anaweza kuwa baba. Kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi shida hiyo ni ndogo, na mwongozaji aitumie nafasi hiyo. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wamekuwa wakihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba kwa desturi ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake kuliko watu wa kwingine wanavyodhani. Tena mvulana anayepelekwa jandoni hukabidhiwa kwa mlezi asiye baba yake, ambaye ndiye anayemwonesha namna ya kusimama mbele za watu. Ukiwauliza waigizaji wako, "Nani alikufundisha kuwa mwanaume?", wengi hawatataja baba. Waache wasimulie. Muda wa zoezi moja ukienda wote kwenye masimulizi hayo, haujapotea.

Kuna tahadhari. Mjomba na mlezi wa jandoni wana heshima inayotambuliwa na kijiji kizima, ilhali Sam hana. Anafanya kazi ya baba bila jina, bila kiti, na kwa mshahara wa mhudumu. Usiruhusu ulinganisho wetu ufunike tofauti hiyo, kwa maana ndani ya tofauti hiyo ndimo ubaguzi ulimojificha.

Hatua ya nne: tazama nani anaketi

Benchi halipo jukwaani, lakini kiti kipo. Maelekezo ya jukwaani yanasema kwamba meza na viti vimekusanywa kando, isipokuwa meza moja yenye kiti kimoja, imeandaliwa kwa ajili ya chakula cha Hally. Willie anaanza tamthiliya akiwa amepiga magoti akisugua sakafu. Sam ameegemea meza. Mtazamaji hajui bado, lakini ameshaoneshwa benchi.

Kwa hiyo chora ramani ndogo ya jukwaa, na kwa kila ukurasa uweke alama ya anayeketi, anayesimama na aliye chini. Ni kazi ya kuchosha, inachukua jioni mbili, na siijui njia nyingine inayofundisha zaidi. Katika uongozaji wangu niliamua kwamba Sam asikalie kiti kile kamwe, hata wanapocheka na kujadiliana kuhusu watu waliobadilisha dunia, wakati ambapo wanaonekana kuwa sawa kabisa. Aegemee, ainame, achuchumae, lakini asiketi. Watazamaji wetu huliona jambo hilo mapema, kwa sababu kwa mtu wa pwani kumkaribisha mgeni bila kumpa pa kukaa ni tusi lisilohitaji maneno. Baraza ya nyumba ya Mikindani imejengwa ili anayepita aketi.

Katika maelezo yako ya darasani ongeza jambo la historia, kwa kuwa linaisaidia hoja. Chama cha National, kilichosimamia sera ya ubaguzi wa rangi, kilishinda uchaguzi wa Afrika Kusini mwaka 1948, na sheria ya kutenga huduma na mahali pa umma kwa rangi ilipitishwa mwaka 1953. Tamthiliya inatokea mwaka 1950, na benchi linakumbukwa kutoka miaka ya nyuma zaidi. Hii ina maana kwamba benchi lilikuwepo kabla ya sheria hiyo. Watu walilizoea kwanza, Bunge likaja kuligonga muhuri. Mwanafunzi anayeliona hilo hataandika tena kwamba ubaguzi katika tamthiliya hii "unaletwa na serikali". Ataona kwamba Hally hajalazimishwa na askari yeyote. Ameketi tu mahali alipowekewa.

Hatua ya tano: sikiliza namna wanavyoitana

Kama unatafsiri kwa ajili ya jukwaa, hapa ndipo mikono hutetemeka. Hally anamwita mtu wa miaka 45 kwa jina tupu, Sam. Kiswahili chetu kinatuvuta tuandike "Mzee Sam" au "Baba Sam", na ukifanya hivyo umemsamehe Hally kosa ambalo bado hajalijua. Liache jina tupu. Litawakwaruza watazamaji masikioni tangu mwanzo, na ndivyo inavyofaa. Kwa upande wake, Sam asiseme "mwanangu" hata mara moja. Hana ruhusa ya neno hilo, naye anajua.

Jina la tamthiliya lenyewe lina maneno mawili ambayo wazee wa Mtwara hawahitaji kufafanuliwa: bwana na boi. Boi alikuwa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu, hata akiwa na wajukuu. Hally anapoamuru aitwe "Master Harold", kama Willie anavyomwita siku zote, Sam anamwonya kwamba akilitamka jina hilo mara moja hatamwita tena kwa jina lingine. Analitamka. Kisha, mwishoni kabisa, anapomwomba wajaribu tena, anavunja neno lake mwenyewe na kumwita Hally. Mwigizaji wa Sam alijue hilo kama anavyojua njia ya kwao: jina lile moja ni kishada cha pili.

Katika hatua hii ujadili pia mzaha wa baba, ule unaocheza na rangi ya makalio ya Mwafrika. Wapo waigizaji wetu waliosema, "Si utani tu?" Swali hilo ni la haki katika mkoa ambao watani wanaweza kuvamia msiba na kuchekesha waliofiwa, na lijibiwe kwa uangalifu. Utani wetu una milango miwili: ninayekutania leo, kesho anichukulie kuku wangu na nisikasirike. Mzaha wa baba yake Hally una mlango mmoja. Sam hawezi kuujibu bila kuhatarisha kazi yake, na anapoujibu kwa kuteremsha suruali na kumwonesha Hally kile alichokuwa akikicheka, hakuna anayecheka tena. Jukwaani kwetu tulimgeuza mwigizaji ili watazamaji waone uso wake tu, na uso ule ulikuwa mzito zaidi ya tulivyotarajia.

Hatua ya sita: mtengeneze Hally apendwe

Watazamaji wa umri mkubwa katika mikoa yetu wanamjua kaburu. Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, na redio ilizungumza habari za kusini mwa Afrika kila siku. Mtu mwenye kumbukumbu hizo akimwona kijana wa Kizungu akiingia jukwaani, atamchukia kabla hajafungua mdomo, na tamthiliya itakuwa imekufa.

Tumia basi nguvu zako zote kumfanya Hally apendeke kwa saa ya kwanza. Awe mcheshi, awe na njaa, apende vitabu, amkimbilie Sam kwa habari za shule kama mtoto anavyomkimbilia mzazi. Uchungu wa baadaye unategemea hili. Mabadiliko yanaanza na simu: kila mama anapopiga kusema kwamba baba anarudi nyumbani kutoka hospitalini, kitu kinakaza shingoni mwa Hally. Hasira ni ya baba. Anayetukanwa ni Sam. Sam mwenyewe anamweleza hivyo, kwamba uso aliopaswa kuutemea ni wa baba yake, na kwamba amechagua uso wa Sam kwa sababu ngozi yake nyeupe inamlinda.

Fugard hakulibuni tukio hilo. Jina lake kamili lilianza na Harold, mama yake aliendesha mgahawa wa chai katika bustani ya St. George's, mhudumu aliyeitwa Sam Semela alikuwa rafiki yake wa utotoni, na aliandika katika daftari zake jinsi alivyomtemea mate siku moja na aibu iliyombakia. Waeleze waigizaji wako habari hii mapema. Anayeigiza Hally ataacha kuigiza shetani.

Kuhusu mate yenyewe, mwigizaji asiteme kweli. Sauti inatosha, wawili wakiwa wamesimama karibu sana. Baada yake Sam asitikisike. Hesabuni kimya kimya mpaka saba. Waigizaji wachanga hukimbilia kujifuta, na hapo kila kitu kinapotea.

Hatua ya saba: tengeneza kishada, kisha kifiche

Ingawa kishada hakitaoneshwa, kitengenezwe, na watengenezaji wawe waigizaji wa Sam na Hally peke yao. Mbao nyembamba za kasha la nyanya zinapatikana sokoni, na karatasi ya mfuko wa saruji inafanana vizuri na ile ya kaki. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo, uji mzito kidogo, ukipakwa ungali vuguvugu. Uzi tuliokota ufukweni, mabaki ya nyavu, na anayeigiza Hally aliviunga vipande vyote mwenyewe kama ilivyo kwenye hadithi. Mafundo yalikuwa 23. Aliyahesabu bila kuambiwa, na tangu siku ile alipofika kwenye sentensi ya uzi ulioungwa vidole vyake vilisogea vyenyewe.

Mpeleke ufukweni wakati wa kusi, kishada kikishapaa aufunge uzi kwenye kitu kizito, kisha mwigizaji wa Sam aondoke bila kusema neno na asirudi kwa nusu saa. Baada ya hapo kifungie kishada stoo.

Mvua inahitaji sauti yake, kwa kuwa Hally anapoombwa mwishoni warushe kishada kingine, anajibu kwamba bado inanyesha na kishada hakirushwi mvuani. Ufuta ukizungushwa polepole kwenye ungo unatoa manyunyu, na korosho kavu kwenye debe zinatoa mvua ya bati. Sauti iwepo tangu mwanzo, chini kabisa, watu waisahau, ili jibu la Hally liwakumbushe kwamba ilikuwepo muda wote.

Kabla ya kuonesha hadharani, tafuta kibali cha wenye hakimiliki. Kusoma darasani hakuna tatizo, lakini tiketi ikiuzwa kazi inakuwa na mwenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanaweza kukuelekeza.

Mwisho wa onesho

Sam anamwambia Hally kwamba sasa anajua benchi lile lina maana gani, na kwamba anaweza kuinuka na kuliacha wakati wowote. Hally anatoka mvuani bila kujibu. Mwongozaji asimwongezee machozi wala kugeuka mlangoni. Mwandishi hakutuambia kama ataliacha, na si haki yetu kuamua kwa niaba yake.

Wanabaki Sam na Willie. Willie anatoa nauli yake ya basi, fedha pekee aliyo nayo ya kumfikisha nyumbani usiku huo, anaitumbukiza kwenye mashine ya muziki, na wanaume wawili wanacheza dansi pamoja. Tafuta sarafu ya chuma iliyo nzito, weka kipande cha bati ndani ya sanduku, na usimamishe sauti ya mvua kabla hajaiachia, ili aliyeketi mstari wa nyuma kabisa aisikie ikianguka.